Hesabu ya Kimya

Siku ya kwanza ya mafunzo hakuna aliyefungua kitabu. Mwezeshaji, muuguzi mstaafu ambaye miwani yake huning'inia kifuani kwa kamba, aliwaomba washiriki watoke nje ya ukumbi, waende mpaka getini, halafu waingie upya mmoja mmoja kama watu waliokuja kupima VVU. Baadhi walicheka. Mmoja akauliza kama ni lazima, na jua lile. Mwezeshaji akajikalia nyuma ya meza ndogo na daftari lake, akawa karani wa mapokezi, na kila aliyeingia akamuuliza kwa ile sauti tunayoisikia kila siku madirishani: "Wewe, shida yako nini?"

Walikuwa 22: wauguzi, matabibu, mtu wa maabara, karani wa masjala, wafanya usafi wawili na mlinzi. Sikumsikia hata mmoja aliyejibu kwa sauti yake ya kawaida. Tabibu mmoja mtu mzima, aliyekwisha kupima watu ambao hata hesabu yao ameipoteza, alifika mezani akainama, akamnong'oneza mama yule sikioni. Ni mchezo tu, kila mtu alijua ni mchezo, na bado alinong'ona. Mama akaandika daftarini, akafunga kalamu, akasema: "Haya. Sasa mmefika. Tuanze."

Niliruhusiwa kukaa nyuma na kuandika kwa sharti la kutotaja wilaya wala jina la mtu. Kwa hiyo namwita Mama tu, kama walivyomwita washiriki wote, hata wale wanaokaribiana naye umri.

Nilikwenda pale na imani yangu ya siku nyingi kwamba heshima mtu hutoka nayo kwao. Aliyelelewa atakuhudumia kama mtu, na asiyelelewa hata umpeleke semina kumi atakusonya tu. Siku tatu za kumtazama Mama akifanya kazi ziliniacha bila imani hiyo. Nilichokiona ni ufundi, wa kufanyia mazoezi na kusahihishwa, kama wa fundi cherehani. Ufundi huo umo mdomoni, umo mikononi, umo hata katika mahali unapoweka kiti.

Na una historia yake. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na watu wa huko hawakungoja wataalamu wawape jina. Waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikivuka mpaka na wafanyabiashara kutoka Uganda. Ng'ambo ya pili waliuita Slim, kwa jinsi ulivyomkondesha mtu. Mwaka 1987, jijini Kampala, Noerine Kaleeba, mtaalamu wa fiziotherapia wa Hospitali ya Mulago ambaye ugonjwa huo ulikuwa umetoka kumchukulia mume, alianzisha shirika la msaada la TASO na kundi dogo la wenzake. Mwaka 1989, Dar es Salaam, Theresa Kaijage wa ustawi wa jamii akaanzisha shirika la WAMATA. Hawa wote walianza bila kidonge cha kumpa mtu. Huku kwetu dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Kwa hiyo ilipita miaka zaidi ya kumi na tano ambapo kilichokuwapo ni namna ya kusema na namna ya kusikiliza, na waliokuwa nacho walikinoa kwa sababu hawakuwa na kisu kingine.

Mama ni wa kizazi hicho. "Ulikuwa unamaliza kuzungumza na mtu, unashika kalamu, halafu huna cha kuandika kwenye cheti chake," aliniambia wakati wa chai, akichana chapati. "Hapo ndipo unajijua kama ulikuwa unazungumza naye au unapiga domo."

Dawa zilipokuja, foleni zikarefuka na mazungumzo yakafupika. Tangu mwaka 2016 anayekutwa na VVU huanzishiwa dawa bila kungoja kinga yake ishuke, jambo ambalo limeokoa watu wengi mno, na sina neno nalo. Lakini muuguzi mwenye watu 80 kwenye benchi hujifunza upesi kuongea kama anayegonga mihuri.

Zoezi la pili lilikuwa la mabango. Mama alibandika mabango kitita manne kwenye pembe nne za ukumbi, kila moja na kichwa chake: dada anayeuza mwili, kijana anayejidunga, mjamzito mwenye VVU, binti wa shule aliyekuja kuomba kondomu. Vikundi vikazunguka na maka peni, vikiandika kila kitu ambacho watu husema juu ya mtu huyo. Ukumbi ulichangamka. Kuna kicheko maalumu cha watu walioruhusiwa kuandika matusi kwa ajili ya kazi, na kilikuwapo. Mabango yalipojaa Mama akachagua wasomaji wanne, akawapa sharti moja: soma kana kwamba ni wewe.

Muuguzi kijana, mwenye kicheko cha karibu kuliko wote, akasimama mbele ya bango la nne. "Mimi ni binti wa shule," akasema. "Nimekuja kuomba kondomu. Na nyinyi mnaniita..." Neno la kwanza akalisoma. La pili akalisoma. La tatu likamkwama. Baadaye alinieleza kwamba lile la tatu lilikuwa mwandiko wake mwenyewe.

Zoezi hili si la Mama. Limo katika mkusanyo wa mazoezi ulioandaliwa na Ross Kidd na Sue Clay mwaka 2003, kutokana na utafiti uliofanywa Ethiopia, Tanzania na Zambia, na tangu hapo limepita mikononi mwa wawezeshaji wengi. Lakini zoezi ni kama mapishi ya pilau: karatasi ni moja, wapishi hawafanani. Nimewahi kuliona likiendeshwa na kijana aliyeona watu wamenyamaza akaogopa, akaanza kuhubiri. Watu walipumua, wakarudi kwenye simu zao. Mama hakuhubiri. Alimwacha yule muuguzi kijana amesimama na neno lake la tatu mpaka akalisoma mwenyewe, kwa sauti ndogo, halafu akamwambia, "Ahsante mwanangu, kaa." Basi. Tukaenda chai.

Jioni ile aliwauliza maneno ya mtaani, wakayamwaga: kaungua, kakanyaga miwaya, ana ngoma, ana mdudu. Hayo, alisema, kila mtu anajua ni mabaya, hayana kazi kubwa. Yenye kazi ni yale yaliyovaa koti jeupe. Akaandika ubaoni neno *mtoro*. Ndivyo kliniki nyingi zinavyomwita aliyekosa tarehe yake ya dawa: orodha ya watoro, kufuatilia watoro, mtoro kapatikana. Mama, ambaye ni mtu wa Pwani, akauliza kama kuna anayejua watoro wa zamani walikuwa akina nani. Karani wa masjala akajibu: watumwa waliomkimbia bwana. "Ehe," akasema Mama. "Sasa pale kliniki kwenu, bwana ni nani?"

Hakufuta neno. Alilipigia mstari tu, likabaki ubaoni mpaka siku ya mwisho. (Neno *unyanyapaa* lenyewe, kwa maoni yangu, limechoka. Limekaa kwenye fulana na mabango mpaka limekuwa la semina. Aliyetendwa hasemi amenyanyapaliwa, husema walinifanya kama uchafu.)

Asubuhi ya pili ilikuwa ya woga. Hapa niliutazama ufundi kwa karibu zaidi, kwa kuwa wengi hukosea mlangoni: humwambia muuguzi asiogope. Mama hamwambii mtu asiogope. Anamwambia auweke woga wake mezani, na aupime. Aliwataka wataje kazi wanazozifanya kwa mgonjwa, zote, hata ndogo: kupima presha, kumshika paji la uso, kutandua kitanda, kumwogesha, kumlisha, kutoa damu, kumzalisha, kushona jeraha. Muuguzi wa wodi alikiri, bila kuulizwa, kwamba akijua mtu ana VVU huvaa glovu hata kumpima presha, na siku nyingine huvaa mbili. Hakuna aliyemcheka. Wengine watatu walitazama chini.

Kisha maswali matatu, ambayo kila kazi lazima iyajibu. Je, kirusi kilicho hai kipo hapo? Je, ni kingi cha kutosha? Je, kina njia ya kuingia katika damu yako? Presha: damu iko wapi? Hakuna. Paji la uso: jasho, na jasho haliambukizi. Shuka: damu iliyokauka, je, ngozi yako nzima? Kazi moja baada ya nyingine ikaanguka, mpaka zikabaki chache, na kubwa kati yake ni sindano. Hapo hakuificha. Ukichomwa na sindano iliyotoka kwa mtu mwenye VVU asiye kwenye matibabu, uwezekano wa kuambukizwa ni kama 3 katika 1,000. Una saa 72 za kuanza dawa za kinga, mapema zaidi ni bora zaidi, na unazimeza siku 28. "Nani anajua dawa hizo zinakaa wapi kituoni kwenu usiku?" Mikono mitatu kati ya 22. Wengine aliwapa kazi ya kwenda kuuliza na kuleta jibu kesho yake.

Akaongeza lililowatuliza kuliko yote. Utafiti wa PARTNER, uliochapishwa mwaka 2016, ulifuatilia wapenzi ambao mmoja ana VVU na anameza dawa mpaka virusi havionekani kwenye kipimo. Walihesabu mara zipatazo 58,000 za kukutana bila kondomu, na hapakutokea hata ambukizo moja kutoka kwa mwenza huyo. Haigunduliki, haiambukizi. Muuguzi wa wodi akanyamaza, halafu akasema polepole kwamba, basi, yule anayemwogopa kwa sababu faili lake linasema ana VVU huenda ndiye salama kuliko yule ambaye faili lake halijasema kitu. "Umelisema mwenyewe," akajibu Mama. "Glovu inafuata damu. Haifuati faili."

Lakini ninayoyakumbuka zaidi ni ya mchana, yale ya ulimi. Kiswahili chetu kina adabu nyingi, na adabu hizo nyingine zinaumiza. Chukua *kwa nini*. Kwa mtoto aliyevunja sahani, kwa mfanyakazi aliyechelewa, *kwa nini* hutangulia adhabu. Muuguzi anauliza, "Kwa nini hukumeza dawa?" akidhani anatafuta sababu, aliye mbele yake anasikia kiboko, anatafuta uongo. Mama aliwafundisha kugeuza: "Watu wengi humeza dawa hizi wakaruka siku moja mbili. Wewe wiki hii iliyopita ilikwendaje?" Aliwafanya waiseme wawili wawili hadi ikawa haina harufu ya kukariri. Tabibu mtu mzima alishindwa mara nne. Kila mara *kwa nini* ilimtoka kabla hajajua. Mara ya tano aliposema "ilikwendaje" ukumbi ulimpigia makofi, akaona haya kama bwana harusi.

Au chukua *tendo la ndoa*. Ni tafsida nzuri, imetuokoa mara nyingi mbele ya wakwe. Sasa mwulize binti wa miaka 17, au mjane, au kijana wa bodaboda asiyeoa, mara ya mwisho alifanya lini tendo la ndoa. Umeshamhukumu kabla hajafungua mdomo, kwa kuwa ndoa hana. Atakwambia hajawahi, na wewe utaandika hajawahi. Wakahangaika kidogo kutafuta mbadala. *Kujamiiana* ni la kitabuni, *kukutana kimwili* linapita, na mfanya usafi mmoja akasema kwa nini wasiseme tu *kulala na mtu*, kama tunavyosema sote. Likakubaliwa.

Na muuguzi wa miaka 24 atamuulizaje mzee wa miaka 60 habari za wanawake wake? Mama hakuwa na hila mpya. Shikamoo kwanza, na usiitupe kama ganda. Ingoja marahaba yake. Kisha omba ruhusa: "Baba, nitakuuliza mambo ya ndani kidogo. Nawauliza wote wanaokaa kwenye kiti hiki." Sentensi ile ya pili, alisema, ndiyo inayomwinua mzee, maana sasa hajachaguliwa yeye.

Nilikuwa na changu cha kumwambia juu ya hilo la kuchaguliwa. Miaka kadhaa nyuma nilikwenda kupima kwenye kituo kimoja. Tulikuwa watano kwenye benchi. Mhudumu akatoka na karatasi, akawapa wawili zao wakaenda zao, akatuambia sisi watatu, "Nyinyi subirini kidogo." Hatukutazamana tena. Nilikaa na *subirini kidogo* ile kwa dakika 40, na ilipofika zamu yangu nikaambiwa sina maambukizi; karatasi ilikuwa imechanganyika na nyingine. Wale wawili niliokaa nao sijui waliambiwa nini, lakini najua nilivyowatazama, na najua walivyonitazama mimi.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. "Benchi linasoma," akasema. Siku iliyofuata akalifanya somo. Kila mtu aingie chumba kilekile, akae muda uleule, atokee mlango uleule. Ukimtoa mmoja kwa dakika 5 na mwingine kwa dakika 30, umeshatangaza.

Aliyelielewa hili upesi kuliko wataalamu ni mlinzi. Alikuwa kimya siku mbili, kofia magotini. Akasimama kusema kwamba yeye anawajua wote wenye VVU. Hajawahi kuona faili hata moja. Anawajua kwa siku, kwa kuwa siku yao ya kliniki ni ileile kila wiki. Anawajua pia kwa swali lake mwenyewe la getini, "Unaenda wapi?", ambalo hujibiwa kwa kutazama pembeni na watu wako nyuma. "Kumbe mimi ndiye ninayewatangaza," akasema. Wakakaa naye wakatafuta swali lingine. Likapatikana la kawaida kabisa: "Karibu. Una kadi ya miadi, au ni mara ya kwanza?" Kila anayeingia hospitali ana moja kati ya hayo mawili, mwenye kisukari, mwenye mimba, mwenye jino. Tunayo sheria ya mwaka 2008 inayokataza ubaguzi na kulinda siri ya anayeishi na VVU, nami naiheshimu. Lakini pale getini, Jumanne saa mbili asubuhi, sheria yenyewe haipo. Yupo bwana yule na kofia yake.

Nina hofu moja. Ufundi wa aina hii haukai kwenye majengo. Unakaa kwa watu, na wengi wao, washauri nasaha, wahudumu rika, kina mama wanaoishi na VVU wanaowaongoza wenzao, wameajiriwa kwa mikataba ya miradi. Mwanzoni mwa mwaka 2025, Marekani ilipositisha misaada yake, wengi katika Afrika Mashariki walirudishwa nyumbani ghafla. Dawa huweza kuagizwa tena.

Alasiri ya mwisho ilikuwa ya kipimo. Mama aliwaonyesha kidole cha kati au cha pete, pembeni mwa ncha, wala si katikati panapouma zaidi; tone la kwanza lipanguswe kwa pamba, la pili ndilo la kazi. Kisha kuna kungoja, dakika 15 kwa vipimo vingi vya haraka. Hapa, alisema, mikono haina kazi tena na uso ndio unaofanya kazi. Usikichungulie kipimo kila mara, maana macho ya mteja yanafuata macho yako. Weka saa ya simu, mgeukie mtu, zungumza naye. Mistari miwili ikitokea bado hujamaliza. Kinafuata kipimo cha aina nyingine cha kuthibitisha. Na jibu likiwa limekamilika, liseme kwa maneno machache yasiyo na mapambo: "Jibu linaonyesha una maambukizi ya VVU." Halafu funga mdomo.

Hapo ndipo wote walipoanguka. Wa kwanza alisema jibu na papo hapo akaongeza, "Lakini usijali." Wa pili akasema Mungu yupo. Wa tatu, yule muuguzi kijana wa bango la nne, akaanza kueleza dawa, kidonge kimoja kwa siku, siku hizi ni rahisi, mpaka Mama akainua mkono. "Usijali ni kumfungia mlango," akasema. "Mtu ndio kwanza anaanza kujali, wewe unamwambia aache. Unajihurumia wewe. Kimya kinakuuma wewe." Hata *pole*, neno letu zuri kuliko yote, alitaka lingoje, likitangulia linamwambia mtu kwamba msiba umeshatangazwa.

Akawaonyesha anavyofanya yeye. Huweka mikono mapajani, chini ya meza, na kuhesabu kwa vidole, polepole, kimoja kimoja, mpaka kumi. Mara nyingi, alisema, hafiki kumi. Mtu huwa ameshasema jambo, na jambo hilo ndilo la kuanzia, wala siyo lile ulilopanga.

Yule muuguzi kijana akaomba kurudia. Mteja wake safari hii alikuwa mlinzi, kwa kuwa ndiye pekee ambaye hakuwa amecheza. Muuguzi alisogeza kiti chake kutoka upande wa pili wa meza akakiweka pembeni, ili meza isiwe kati yao. Hilo hakuna aliyemwambia. Akamwamkia, marahaba ikarudi. Akasema jibu, maneno sita, akanyamaza.

Mlinzi akatazama kofia yake. Nje pikipiki ikapita. Binti akameza mate, midomo ikamchezacheza, lakini hakuifungua. Mama alikuwa amekaa karibu nami, nikaona vidole vyake vikikunjwa magotini, kimoja, kingine, kingine. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Kidole cha nane. Cha tisa.

"Sasa mke wangu," akasema mlinzi, na sauti yake haikuwa ya mchezo tena, "naanzaje kumwambia?"

Binti akaweka kalamu chini. Mama akaacha kuhesabu.